Kucha ya kubebea magogo kwenye trekta dogo: kuichagua, kuifunga na kuitumia

Tangu nianze kutumia kucha shambani, maswali ni yale yale kila wiki. Inabeba kilo ngapi? Inang'oa visiki? Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea? Trekta langu halina loda, nifanyeje? Nimechoka kujibu kando ya barabara huku injini inaunguruma, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Kwanza tuelewane. Trekta dogo ninalolisema ni la nguvu ya farasi 25 hadi 40 hivi. Mengi ni haya yaliyotumika Japani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Kucha ni kifaa kinachokaa kwenye mikono ya loda, ile mikono ya kunyanyulia iliyo mbele ya trekta, mahali pa baketi. Ina taya la chini lenye meno na taya la juu linalofungwa kwa jeki ya haidroliki. Kwa sisi wenye misindano na mikaratusi huku Mufindi na Njombe, inasogeza magogo mafupi hadi barabarani, inakusanya matawi baada ya kuvuna, na inazoa visiki vilivyokwisha kung'olewa. Nimesema vilivyokwisha kung'olewa. Kisiki cha mkaratusi kilicho hai ardhini ni kazi ya kijiko kikubwa, au ya jembe, shoka na vijana wawili. Trekta dogo halikiwezi, na likilazimishwa huvunjika lenyewe.

Kama trekta lako halina loda ya mbele, usinunue kucha. Anza na mnyororo na fremu ya kuburutia magogo kwenye pointi tatu za nyuma, pale zana kama plau zinapofungwa. Itakufaa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Uzito kwanza, meno baadaye

Watu wengi huanza kwa kutazama kucha: meno mangapi, chuma kinene kiasi gani, rangi gani. Mimi nakuomba uanze na kibao cha loda yako. Tafuta uwezo wake wa kunyanyua. Namba utakayoikuta mara nyingi imepimwa kwenye pini za mbele za mikono ya loda, yaani pale mikono inapoishia. Lakini gogo halikai kwenye pini. Linakaa nusu mita au zaidi mbele yake, na kila sentimita ya kwenda mbele inakula nguvu.

Tuseme kibao kinasema kilo 600 kwenye pini. Ukisogea nusu mita mbele, ondoa takriban robo: zinabaki 450. Kucha yenyewe ina kilo 170. Kilichobaki kwa ajili ya gogo ni kilo 280. Hiyo ndiyo namba yako ya kweli, si 600.

Sasa gogo. Mti mbichi uchukulie kilo 1,000 kwa kila mita moja ya ujazo. Mkaratusi mbichi unaweza kuzidi hapo. Hesabu ni nyepesi: kipenyo kwa mita, zidisha kwa kipenyo tena, zidisha kwa 0.785, zidisha kwa urefu, kisha kwa 1,000. Gogo la sentimita 30 lenye urefu wa mita 3 linakuja kilo 212. Hilo unalibeba. Gogo la sentimita 40 lenye urefu wa mita 2 na nusu linakuja kilo 314. Hilo limekushinda, ingawa kwa macho ni fupi na halitishi. Kipenyo ndicho kinachodanganya watu: kikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne.

Jiwe ni baya zaidi. Jiwe la mviringo lenye upana wa sentimita 60 linakaribia kilo 300.

Ndiyo maana nasema kucha nzito ni hasara. Mimi ya kwanza niliitengenezesha kwa fundi. Aliniheshimu mno: akatumia vyuma vya chesesi ya lori, akaniambia hii hata wajukuu wako wataikuta. Tulipoipima ilikuwa kilo 280. Nikawa natembeza chuma shambani, nafasi ya gogo hakuna.

Kuchagua kucha yenyewe

Kwa trekta la farasi 25 hadi 40, upana wa mita 1.2 hadi 1.5 unatosha. Isiwe pana kuliko trekta kwa zaidi ya kiganja kila upande, la sivyo utang'oa nguzo za geti. Taya la juu liwe moja, la katikati. Zipo zenye mataya mawili ya juu yanayofunga kila moja kwa wakati wake. Ni nzuri kwa rundo lisilo sawa, ila zinaongeza jeki, mipira ya mafuta na kilo. Hizo waachie wenye mashine kubwa.

Umbo la taya la chini hutegemea kazi. Meno yaliyopinda kama reki yanazoa matawi na mizizi vizuri na kuacha udongo udondoke. Meno yaliyonyooka chini na kusimama nyuma, kama herufi L, yanaingia chini ya gogo kirahisi na yanabeba hata mzigo mrefu bila kuyumba. Ukiwa na magogo mengi kuliko takataka, chukua la L. Mimi ndilo ninalotumia, na matawi linazoa pia, polepole kidogo.

Ukiamua kumpa fundi wa nyumbani, mweleze mambo matatu. Kilo zisizidi 180, na aipime kabla hujalipa. Pini zote zipite kwenye bushi zenye nipeli za grisi, si tundu lililotobolewa kwenye bamba likaachwa hivyo. Na asitumie springi za lori kwa meno ikiwa atazichomelea hivi hivi: chuma cha springi kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kuachwa kipoe polepole, huwa kigumu kama kioo pembeni ya mchomeleo, na jino linakatika siku ya kwanza ukigusa jiwe.

Halafu angalia namna ya kufungia. Loda nyingine hufungwa kwa pini moja kwa moja, na nyingine zina bamba la kubadilishia haraka lenye liva mbili. Bamba linalotumika kwenye loda ndogo za kiwandani lina kipimo cha kimataifa, lakini baadhi ya watengenezaji wa matrekta wana ndoano zao wenyewe zisizoingiliana na za wengine. Nenda na vipimo, au bora piga picha bamba lako mbele na nyuma ukiwa umeweka futi ionekane.

Haidroliki: pesa yako inapokwenda kweli

Loda ya kawaida ina kazi mbili: kupanda na kushuka, na kukunja na kukunjua, yaani kuivuta kucha nyuma na kuiinamisha mbele. Taya la juu linahitaji kazi ya tatu. Hapa ndipo mtu anafika nyumbani na kucha mpya, anaiegemeza ukutani miezi sita.

Njia ziko tatu. Rahisi kuliko zote ni kutoa mipira kwenye plagi za haidroliki za nyuma, kama trekta lako linazo, na kuipitisha hadi mbele. Ubaya wake ni kwamba unaachia liva ya loda ili kushika ile ya taya. Kwa kazi ya polepole si tatizo, na mtu anayeanza namshauri aanze hapo.

Njia ya pili ni valvu ya kugeuza inayokaa kwenye njia ya kukunja. Ukibonyeza swichi, mafuta yaliyokuwa yanakunja kucha yanaenda kwenye taya. Huwezi kukunja na kufunga kwa wakati mmoja, na utakosea mara ishirini za kwanza.

Ya tatu ni valvu ya kujitegemea yenye vitufe kwenye liva ya loda. Ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo ghali.

Hapo kwenye valvu ya kujitegemea lipo kosa ambalo nimeliona kwa zaidi ya fundi mmoja. Matrekta madogo mengi yana mfumo ambao mafuta huzunguka muda wote, kutoka kwenye pampu, kupitia valvu ya loda, hadi kwenye pointi tatu za nyuma, ndipo yanarudi kwenye tangi. Valvu mpya lazima ikae kwenye mstari huo na kuyaruhusu mafuta yaendelee mbele kupitia tundu lake maalumu la presha. Fundi akiyaziba, pampu inasukuma ukuta. Akiyarudisha moja kwa moja kwenye tangi, pointi tatu zako hazitanyanyua tena. Muulize kabla hajafungua nati hata moja: mafuta yakitoka hapa yanaenda wapi? Akisita, mwambie utarudi kesho.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Uzito wa nyuma: plau ya diski, au boksi la zege kwenye pointi tatu. Kilo 250 hadi 400 kwa matrekta ya ukubwa huu. Kitabu cha loda kikitaja namba, fuata kitabu.
- Maji kwenye matairi ya nyuma, hadi robo tatu ya kimo. Maji matupu yanatosha huku kwetu. Chumvi ya kalsiamu wanayoiweka nchi za barafu kali inakula rimu.
- Tao la chuma nyuma ya kiti likiwa limesimama, na mkanda unaofunga.
- Kinga ya wavu au vyuma mbele ya rejeta. Matawi yanaingia popote.
- Mafuta ya haidroliki ya akiba, lita chache, ya aina ile ile iliyo ndani.
- Kapla bapa za kuunganishia mipira pamoja na vifuniko vyake. Zile za ncha ya mviringo hushika udongo zaidi.
- Pampu ya grisi, kitambaa safi, futi, na chaki ya kuandikia kilo kwenye magogo.
- Buti, glavu na kofia ngumu. Shati lisilopepea.

Uzito wa nyuma ndio watu wanaouruka. Wanasema trekta lenyewe ni zito. Sikiliza: gogo likiwa mbele, ekseli ya mbele ndiyo egemeo, na nyuma inakuwa nyepesi. Breki ziko nyuma. Nyuma ikiinuka mtelemkoni huna breki, huna mwelekeo. Na hata isipoinuka, ekseli ya mbele ya trekta dogo, yenye gia ndogo ndani ya masikio yake, inapata mzigo ambao haikutengenezewa. Sili zinaanza kuvuja, kisha gia zinalia.

Hatua kwa hatua

1. Funga uzito wa nyuma kwanza, kabla ya kucha. Unyanyue kidogo tu kutoka ardhini, uuache hapo chini kadiri njia inavyoruhusu.

2. Egesha kucha mahali tambarare, mataya yamefungwa. Sogea polepole ukiwa umekunjua bamba la loda mbele, ingiza ukingo wa juu chini ya mdomo wa kucha, kisha kunja nyuma na unyanyue kidogo. Kucha itajikalia yenyewe. Zima injini, shuka, bonyeza liva zote mbili hadi mwisho.

Sasa piga goti uangalie. Pini mbili za chini lazima zionekane zimetokeza kwenye matundu yake. Liva kulala haina maana kwamba pini imeingia. Ukirudi kitini, bonyeza meno ardhini mpaka mbele ya trekta iwe nyepesi kidogo. Kama pini haikuingia, bora kucha ichomoke hapo kuliko ikiwa juu na gogo. Kwa loda ya pini za kawaida, hakikisha kila pini ina kifungio chake.

3. Unganisha mipira. Injini iwe imezimwa. Sogeza liva ya taya mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iishe. Kama yako ni ya vitufe, ufunguo uwe umewashwa bila injini kuwaka, kwa sababu valvu ya umeme haifunguki bila umeme. Futa kapla zote mbili. Punje moja ya mchanga ikiingia, itasafiri hadi kwenye valvu na kukugharimu siku nzima.

4. Washa injini kwa mzunguko wa chini. Fungua na ufunge taya mara nne au tano bila mzigo ili hewa itoke. Nyanyua hadi juu, kunja hadi mwisho, kunjua hadi mwisho, huku macho yako yakiwa kwenye mipira. Hauvutwi? Haubanwi? Haugusi tairi? Kisha shusha kucha chini, zima, na upime kiwango cha mafuta. Jeki mpya imemeza kiasi.

Ukiona unyevu wa mafuta, usipapase kwa mkono kutafuta tundu. Mafuta yenye presha ya haidroliki hupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, ila ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo. Tumia kipande cha boksi.

5. Jifunze kwa matawi, si kwa magogo. Gia ya chini, magurudumu yote manne yakivuta, injini mzunguko wa kati. Fungua taya lote. Weka meno karibu na ardhi, yakitazama chini kidogo tu, kama unaingiza sepetu chini ya takataka. Sukuma hadi rundo ligote nyuma, simama, funga taya, kunja nyuma, nyanyua sentimita 30. Tikisa kwa kukunja na kukunjua mara mbili udongo uanguke.

Watu huingia kwenye rundo kwa kasi wakidhani trekta ni kifaru. Mwendo wako uwe wa mtu anayetembea.

Kabla ya kuzoa rundo lililokaa, ligonge kwa meno na usubiri. Huku kwetu nyoka na nyuki wanalipenda rundo la matawi kuliko sisi. Nyuki wakitoka, rudi nyuma bila kuzima injini.

6. Magogo. Pima kipenyo na urefu, piga hesabu, andika kilo kwa chaki. Baada ya wiki moja jicho lako litakuwa limezoea, lakini wiki hiyo ya kwanza usiruke. Lifuate gogo kwa ubavu, si kwa ncha, na ulishike katikati ya uzito wake. Shina ni nene kuliko kichwa, kwa hiyo katikati ya uzito iko upande wa shina. Funga taya, nyanyua sentimita kumi, tazama. Likiinama upande mmoja, shusha, sogea, shika upya.

Gogo likiwa refu, upana wako umekuwa urefu wake. Ukikata kona, ncha inazunguka kwa kasi usiyoiona na kumpiga aliyesimama pembeni. Utingo na wapanga magogo wakae umbali usiopungua urefu wa gogo mara mbili. Watoto nao watakuja kutazama, maana kijijini trekta ni sinema. Zima injini hadi waondoke, hata kama ni mara ya tano.

7. Usinyanyue magogo juu ya usawa wa boneti isipokuwa unapanga rundo, na hapo unyanyue ukiwa umesimama. Mikono ya loda ikipanda, kucha inazidi kukunjika nyuma yenyewe kwenye loda nyingi. Gogo lisilobanwa vizuri linaviringika juu ya mikono na kuja kwenye kiti chako. Tao la chuma halikukingi na kitu kinachotoka mbele. Unaponyanyua juu, kunjua kidogo kidogo ili kucha ibaki sawa, na hakikisha taya limebana.

8. Visiki na mizizi. Kisiki kilicholegezwa tayari kishike kama jiwe: meno chini yake, taya juu, kunja. Usikisukume meno yakiwa yametazama chini. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikapinda fito ya jeki ya kukunja. Jeki ikiwa imenyooka hadi mwisho, nguvu yote ya trekta inaingia kwenye fito nyembamba ile. Wala usisukume kwa kona moja ya kucha. Mikono ya loda inajikunja kama waya, na haikunjuki.

9. Mawe: moja moja, chini kabisa. Jiwe huteleza kwenye meno.

10. Kusafiri na mzigo. Kucha iwe chini ya magoti, imekunjwa nyuma kiasi cha kukuacha uone njia. Mtelemko wa Mufindi unaujua. Panda na ushuke ukinyooka, usikate ubavuni. Ukishuka na mzigo, shuka kinyumenyume, uzito ukitazama juu ya kilima, gia ya chini, bila kugusa klachi. Trekta likianza kulala upande, shusha kucha ardhini mara moja. Usiruke, mkanda na tao vimewekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Asubuhi yenye ukungu, nyasi zikiwa na maji, mimi siingii mtelemkoni hadi saa nne.

11. Kupanga rundo. Weka vigingi viwili imara upande wa chini, au tumia mti uliosimama. Weka gogo, fungua taya taratibu, rudi nyuma ukinyooka. Usiliachie kutoka juu, linaruka.

12. Mwisho wa kazi shusha kucha chini, funga mataya, zima injini, toa presha kwa liva. Weka vifuniko kwenye kapla ukitenganisha mipira. Piga grisi kwenye kila nipeli baada ya saa nane hadi kumi za kazi, na usafishe wavu wa rejeta. Majani ya misindano yanaziba rejeta kama godoro, na injini inachemka wakati unaangalia mbele tu.

Kwa walioko Baringo, Kenya, na kwingine kwenye mathenge, ule mti wa miiba, mambo yanabadilika kidogo. Miiba yake inatoboa matairi, kwa hiyo kata na uweke rundo kando ya njia yako, usipite juu yake, na weka dawa ya kuziba matundu ndani ya matairi ya mbele. Tairi la mbele lenye mzigo likipata pancha kwenye gia ya kwanza hutaligundua hadi rimu ikanyage mpira.

Ikigoma

*Taya halifungi kabisa.* Nne kati ya tano ni kapla isiyoingia hadi mwisho. Kapla nusu inaruhusu mafuta kwenda lakini hayarudi. Itenganishe, futa, sukuma hadi usikie mlio. Kama ni ya vitufe, sikiliza valvu: ikilia tiki, umeme upo na tatizo ni mafuta au uchafu; ikikaa kimya, angalia fyuzi na waya wa ardhi.

*Kapla hazitaki kuingia.* Kuna presha imenaswa kwenye mpira, hasa kucha ikikaa juani: mafuta yanatanuka. Toa presha upande wa trekta kama hatua ya 3. Ikibaki upande wa kucha, hakikisha mataya yamefungwa na yamelala chini, funika nati ya mpira kwa kitambaa, vaa miwani, ilegeze robo mzunguko tu hadi mafuta yadondoke, kisha ikaze. Usigonge kapla kwa nyundo. Utaifungua leo na itavuja mwaka mzima.

*Taya linafungwa polepole.* Asubuhi ya Juni mafuta ni mazito. Acha injini ipate moto. Likiendelea hivyo hata mchana, badilisha chujio la haidroliki. Kwenye matrekta haya ya mitumba huwezi kujua lilibadilishwa lini.

*Taya linalegea lenyewe ukiwa na gogo.* Sili ya pistoni ndani ya jeki imekwisha, au valvu inapitisha. Shusha gogo na usiendelee. Valvu ya kuzuia mafuta kurudi, inayokaa kwenye jeki yenyewe, ni nyongeza ndogo, nayo hushikilia taya hata mpira ukipasuka.

*Ukibonyeza kufunga, linafungua.* Badilishana mipira miwili. Kisha ifunge utepe wa rangi, nyekundu kwa nyekundu.

*Pointi tatu za nyuma zimeacha kunyanyua tangu uweke valvu.* Rudi kwa fundi na lile swali la mafuta yanaenda wapi. Usifanye kazi hivyo, kwa sababu uzito wako wa nyuma unategemea mikono hiyo.

*Loda inanyanyua kucha tupu, haisogezi gogo.* Usiguse skrubu ya presha ya pampu. Najua atakuja mtu na spana kukuambia zungusha nusu tu. Presha ikizidi, kinachopasuka kwanza ni mpira ulio karibu na uso wako. Pima gogo tena, na kama ni zito likate vipande viwili.

*Matairi ya nyuma yanateleza ukinyanyua, au usukani umekuwa mwepesi ukirudi nyuma bila mzigo.* Kuteleza ni uzito wa nyuma kuwa mdogo: ongeza, au punguza gogo. Usukani mwepesi ni kinyume chake, uzito wa nyuma umezidi na mbele imepaa. Siku ya kutembea barabarani bila kazi, toa boksi la zege na uache maji ya matairi pekee.